Laurent Clerc, kiziwi aliyefunza walimu wa majimbo

Mjini Washington, huko Marekani, kipo chuo kikuu cha viziwi kiitwacho Gallaudet. Jina hilo baadhi ya wasomaji wetu wamelisikia, kwani wapo vijana wa Afrika waliokwenda kusoma huko wakarudi na shahada zao. Lakini jina la Laurent Clerc ni wachache walijualo, na mimi kila nisomapo habari za watu wawili hawa huona kwamba Clerc amepunjwa. Gallaudet alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Ila Gallaudet hakujua kusomesha viziwi mpaka alipofunzwa, na mmoja wa waliomfunza ni Clerc, naye Clerc mwenyewe alikuwa kiziwi. Tena hakumfunza huyo peke yake. Walimu waliopita mikononi mwake walivuka mipaka ya majimbo, wakaenda kushika shule za Pennsylvania, New York, Kentucky, Ohio na Indiana, katika zama ambazo hapakuwa na idara wala baraza la kuulizwa nani afaa kumsomesha kiziwi na nani hafai.

Basi leo, msomaji mpenzi, nitamsimulia mtu huyo.

Alizaliwa tarehe 26 Desemba 1785 katika kijiji cha La Balme, kusini mashariki ya Ufaransa, si mbali na mji wa Lyon. Kwao walikuwa watu wenye heshima zao. Baba yake alikuwa mwandishi wa hati na mikataba, tena ndiye aliyekuwa meya wa kijiji. Mtoto alipokuwa na umri wa kiasi cha mwaka mmoja aliachwa kitambo kidogo juu ya kiti karibu na meko, akaanguka motoni. Shavu lake la kulia likaungua, na kovu lile akafa nalo. Baadaye wazazi wakagundua kuwa mtoto hasikii, wala hanusi harufu, wakaamini kuwa ni ule moto uliomfikisha hapo. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisema hana hakika, pengine alizaliwa hivyo.

Viziwi hawaitani kwa sauti. Kila mmoja wao hupewa jina la ishara, na aghalabu jina hutokana na jambo linaloonekana kwa mtu huyo. Jina la Clerc likawa ni vidole viwili, kile cha shahada na cha kati, vikipitishwa juu ya shavu la kulia kuteremka chini, mahali pa kovu. Mpaka leo viziwi wa Marekani wakimtaja humtaja hivyo.

Alipofika miaka 7 mama yake alimpeleka Lyon kwa tabibu mmoja aliyejigamba kuwa ana dawa ya uziwi. Kwa muda wa wiki mbili mtoto akawa anamiminiwa madawa masikioni, asubuhi na jioni. Wakarudi kijijini kama walivyokwenda. Toka hapo akaachwa. Hakuwekwa shule, hakufunzwa kusoma. Kazi yake ikawa ni kuswaga ng'ombe na bata mzinga na kuzurura mashambani. Msomaji asione ajabu. Hata hapa kwetu wapo watoto wa namna hiyo, tena jina la kuzaliwa hulipoteza, likabaki lile moja tu la kuitwa bubu.

Aliyemwokoa alikuwa ami yake, naye pia jina lake Laurent. Mwaka 1797 alimchukua kijana, umri wake miaka 12, akampeleka Paris katika shule ya taifa ya viziwi.

Shule hiyo ina habari yake, na ni lazima niieleze kidogo, kwani bila hiyo hayo yatakayofuata hayatafahamika. Aliyeianzisha alikuwa kasisi, Charles-Michel de l'Épée, kiasi cha mwaka 1760. Padri huyu aliona viziwi wawili ndugu wakisemezana kwa mikono, akatambua kuwa mikono yaweza kuchukua maana kama ulimi uchukuavyo. Akajifunza kwao, kisha akaitumia mikono kuwafundisha kusoma na kuandika Kifaransa. Alisomesha bure, akaacha mlango wazi. Watu wakiingia kutazama masomo yake, na kila aliyetaka kuichukua elimu ile kwenda nayo kwao, alipewa. Mfalme Josefu wa Pili wa Austria alipomtembelea mwaka 1777 alivutiwa mno, akamtuma kasisi wake kuja kujifunza, na mwaka 1779 shule ikafunguliwa Vienna. Ndivyo elimu ilivyotembea Ulaya, mtu kwa mtu, hata baada ya padri huyo kufariki mwaka 1789.

Clerc alipofika Paris, mkuu wa shule alikuwa Sicard, naye kasisi, mwanafunzi wa yule wa kwanza. Siku zile Sicard alikuwa mafichoni kwa ajili ya fitina za siasa, kwani Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa hayajatulia. Kijana akapokewa na mwalimu mwingine, Jean Massieu, kiziwi aliyezaliwa katika nyumba ya ndugu sita, wote viziwi. Kwa hiyo Clerc hakufunzwa kwanza na mtu mwenye kusikia. Aliyemfungua macho ni mtu wa hali yake mwenyewe, na naona hili ndilo lililomfanya awe alivyokuwa maisha yake yote, mtu asiyeuonea haya uziwi wala asiyeomba kuonewa huruma.

Pale shuleni alikuwapo padri mmoja aliyependa kuwafunza watoto kutamka kwa kinywa. Clerc akajaribu pamoja na wenzake. Herufi zikamshinda. Hakuweza kutenganisha da na ta, wala de na te. Sikio halimsaidii, na ulimi wenyewe haujui ulipo. Siku moja mwalimu alikasirika, akampiga ngumi ya chini ya kidevu, na yule kijana akajiuma ulimi hadi akalia machozi. Akaapa kuwa hatajifunza tena kusema, na yamini hiyo hakuivunja. Aliandika Kifaransa safi, na baadaye Kiingereza safi, lakini hakutoa sauti ya maneno mpaka alipokufa.

Alikuwa na akili kali. Mwaka 1805 akafanywa mwalimu msaidizi kwa majaribio, mwaka uliofuata akapewa ualimu hasa, kisha darasa la juu kabisa. Pakatokea shauri la kumpeleka Urusi kusomesha viziwi wa huko, likavunjika kwa kukosa fedha.

Mwaka 1815 Napoleon alirudi Ufaransa kutoka kisiwa cha Elba, na Sicard, aliyekuwa na kila sababu ya kumwogopa, akaona heri aende London kwa muda. Akafuatana na wanafunzi wake wawili, Massieu na Clerc. Huko walifanya maonyesho mbele ya mabwana na mabibi: watu wakiuliza maswali magumu, ya roho, ya wakati, ya utawala, na wale viziwi wakijibu kwa chaki ubaoni.

Katika safari hiyo Clerc alipelekwa kuitazama shule ya viziwi ya London, akaingia ukumbini wakati wa chakula, watoto kiasi cha 150 wameketi mezani. Shule ile haikufuata ishara kama Paris. Hata hivyo alipowaona alibadilika rangi, akaanza kuwasemeza kwa mikono, nao wakamjibu, ukumbi mzima ukawa ni mikono itupu. Walioshuhudia walistaajabu kuona mgeni wa Ufaransa na watoto wa Kiingereza wakifahamiana.

Katika waliohudhuria maonyesho ya Sicard alikuwamo kijana wa Kimarekani, Thomas Hopkins Gallaudet, mchungaji kutoka mji wa Hartford katika jimbo la Connecticut. Jirani yake, daktari Mason Cogswell, alikuwa na binti aliyepatwa na homa akiwa mdogo akawa kiziwi, jina lake Alice. Marekani nzima haikuwa na shule imara ya watoto kama huyo. Daktari na marafiki zake wakachanga fedha, wakamtuma Gallaudet Uingereza akajifunze kazi kisha arudi.

Alikwama. Elimu ya viziwi Uingereza ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Braidwood na jamaa zao, nao waliifanya kuwa mali ya nyumba. Shule ya London ikamtaka afanye kazi kama msaidizi kwa miaka 3 ndipo afunzwe. Akaenda Edinburgh, akamkuta mwalimu mwema aliyekuwa radhi kumfunza, lakini mwalimu huyo alikuwa amefungwa kwa mkataba na ukoo ule ule asimfunulie mtu. Fikiria jambo hilo, msomaji. Watoto wamekaa kimya katika majumba yao ng'ambo ya bahari, na dawa ipo, ila imefungiwa kabatini, na ufunguo una bei yake.

Sisi tuliosoma vyuoni huku pwani twajua namna mbili za kuichukua elimu. Yuko fundi aifichaye, akifa yafa nayo. Na yuko shekhe ambaye mwanafunzi akishaipita kitabu mbele yake, akamwona amekitengeneza, humpa ijaza. Ijaza si karatasi tu, ingawa huenda ikaandikwa. Ni ruhusa ya kusomesha, na ndani yake mna silsila, yaani fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye asili. Mwenye nayo aweza kuvuka bahari, akafika Zanzibar au Ngazija asikojulikana, na watu wakamkalia kitako kwa sababu wanamjua aliyempokeza. Ninaposoma habari za Paris na za ukoo wa Braidwood huona hizo namna mbili zikisimama uso kwa uso, na Gallaudet katikati, akiba yake ya fedha ikipungua.

Sicard alimkaribisha Paris. Mwanzoni mwa 1816 Gallaudet akaenda, akasoma kwa Sicard, kwa Massieu na kwa Clerc. Baada ya miezi kama mitatu aliona kuwa elimu ile ni bahari, na yeye amelowa miguu tu. Ndipo alipomwomba Clerc afuatane naye Marekani. Sicard hakupenda kumwachia mwalimu wake bora, lakini akakubali. Clerc akaenda La Balme kumuaga mama yake, ambaye alilia na kumzuia, mwishowe akaridhia. Wakaandikiana mkataba wa miaka 3.

Waling'oa nanga Le Havre tarehe 18 Juni 1816, wakafika New York tarehe 9 Agosti, siku 52 baharini. Upepo ulikuwa mdogo. Katika siku hizo kila mmoja alikuwa mwanafunzi na kila mmoja alikuwa mwalimu: Clerc alimfunza Gallaudet ishara, na Gallaudet alimfunza Clerc Kiingereza, kiasi cha kuweza kuandika kwa Kiingereza kila siku mambo yaliyopita chomboni. Mtu wa miaka 30, asiyeisikia lugha hiyo, aliipata kwa macho na kalamu kabla ya kushuka pwani. Mimi niliyesumbuka miaka na Kiingereza masikio yangu yote mazima, hapo humvulia kofia.

Miezi iliyofuata walizunguka Boston, New Haven, Albany, New York na Philadelphia wakitafuta fedha. Clerc ndiye aliyekuwa hoja. Wamarekani wengi walidhani kiziwi hana akili kamili. Sasa wakamwona kiziwi amesimama mbele yao, kavaa vizuri, ameulizwa mambo ya falsafa naye anaandika majibu yaliyowashinda wao wenyewe. Watu wakatoa. Serikali ya Connecticut nayo ikatoa dola 5,000.

Shule ilifunguliwa Hartford tarehe 15 Aprili 1817, wanafunzi 7. Wa kwanza kuandikishwa ni Alice. Katika darasa hilo la mwanzo alikuwamo pia mchoraji mashuhuri wa sura za watu, John Brewster, ambaye umri wake ulikuwa miaka 51. Alikuwa akizunguka kijiji hadi kijiji akichora watu asiowahi kusemezana nao. Wengine walikuja kutoka kisiwa cha Martha's Vineyard, ambako viziwi walikuwa wengi na wenyeji wote walizoea kusema nao kwa mikono. Ishara za Paris zikachanganyika na za kisiwani na za majumbani, na kutokana na mchanganyiko huo ikazaliwa lugha ya ishara ya Marekani. Kiswahili chetu nacho kilikua kwa njia kama hiyo, bandarini, watu wa pande nyingi wakikutana.

Januari 1818 Clerc alikwenda Washington. Bunge likasimamisha kazi zake kiasi cha nusu saa ili wabunge wazungumze naye kwa maandishi, naye akaketishwa karibu na Spika, Henry Clay. Akaonana pia na Rais Monroe. Mwaka 1819 Bunge likaipa shule ya Hartford eka 23,000 za ardhi huko Alabama, na mauzo ya ardhi hiyo ndiyo yaliyoipa shule msingi wa fedha. Jina nalo likabadilika kutoka la Connecticut likawa la Marekani nzima, na haikuwa kwa kujikweza. Massachusetts ilianza mwaka 1819 kuwalipia watoto wake kusoma Hartford, ikafuata New Hampshire, kisha Vermont na Maine.

Mwaka huo huo wa 1819 Clerc alimwoa Eliza Boardman, binti kiziwi aliyekuwa mwanafunzi wa shule hiyo. Rafiki zake, na Gallaudet mmoja wao, walimkataza kiziwi kuoa kiziwi wakihofia watazaa viziwi. Hakuwasikiliza. Walizaa watoto sita, na wote walisikia. Ipo picha ya rangi ya Bi Eliza aliyochora Charles Willson Peale, amempakata binti yao wa kwanza, na mkono wake umeshika herufi E ya alfabeti ya vidole. Wakati huo Clerc alikuwa ameazimwa Philadelphia, ambako shule ya viziwi ilikuwa imeparaganyika baada ya mwalimu wake wa kwanza kuondolewa. Kwa miezi kadhaa ya 1821 na 1822 Clerc alikaimu ukuu wa shule hiyo, akaipanga, akarudi Hartford. Mahali pake akashika Lewis Weld, mwalimu kutoka Hartford.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Majimbo ya Marekani kila moja lilikuwa na serikali yake, sheria zake na mfuko wake, na yalipoanza kutaka shule za viziwi swali la kwanza lilikuwa ni la mwalimu. Nani atatuhakikishia kuwa huyu anajua kazi? Kentucky ililipata jibu kwa taabu. Shule yake ya Danville, iliyofunguliwa mwaka 1823 kwa fedha za serikali ya jimbo, ilianza na mwalimu aliyedai kuwa na ujuzi asiokuwa nao. Ndipo wakuu wakamchagua kijana wa chuo, John Jacobs, asiyetimiza miaka 20, wakamtuma Hartford. Safari yake aliianza juu ya mgongo wa farasi. Akakaa kwa Gallaudet na Clerc zaidi ya mwaka, akarudi Danville mwaka 1825, na shule ile hakuiachia mpaka alipofariki mwaka 1869.

Ohio nayo ikafanya vivyo hivyo. Horatio Hubbell alikwenda Hartford kujifunza, akarudi kufungua shule Columbus mwaka 1829. New York ilikuwa na kiburi zaidi. Shule yake ilianza 1818, ikajitengenezea ishara zake na taratibu zake bila kumwuliza mtu. Mwaka 1827 msimamizi wa shule za umma wa jimbo hilo alitumwa kulinganisha, akazuru Hartford na Philadelphia, akakuta watoto wa New York wameachwa nyuma sana. Mwaka 1831 ikamleta Harvey Peet, aliyekuwa amefanya kazi Hartford miaka karibu 9, naye akaisimamisha. Huo ndio uliokuwa ukaguzi, na hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya ualimu ya zama zile: umetoka Hartford au hukutoka?

Kazi yenyewe ya kuwafunza walimu ilikuwaje? Walimu wengi wapya walikuwa vijana waliomaliza chuo cha Yale, wamesoma Kilatini na Kiyunani, nao hawajui kumuuliza mtoto kiziwi kama ana njaa. Clerc aliwakalisha akawafunza ishara kama alfabeti na irabu zinavyofunzwa chuoni, neno baada ya neno. Baadaye katika habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, alitaja kuwa mbali na darasa lake aliwafunza faraghani walimu wenye kusikia wanaokaribia 12, waliotoka karibu majimbo hayo hayo 12. Idadi hiyo ni ndogo kwa macho ya leo, tuliozoea vyuo vya ualimu vyenye mamia. Lakini kila mmoja wao alikwenda kufunza wengine.

Tena walikuwapo wanafunzi wake viziwi waliogeuka kuwa walimu. William Willard wa Vermont alisoma Hartford, akasomesha Ohio, kisha mwaka 1843 akaenda Indiana, akapanda farasi kuzunguka mashamba kutafuta watoto viziwi, akafungua shule Indianapolis. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikaichukua. Na mwaka 1845 ukuu wa shule akapewa mtu mwenye kusikia, Willard akabaki mwalimu wa darasani katika shule aliyoianzisha yeye.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana haya hayakumpata Willard peke yake. Walimu viziwi walikuwa wengi. Kati ya mwaka 1850 na 1870 walikaribia wanne katika kila walimu kumi wa shule za viziwi za Marekani. Lakini kwa jumla walilipwa pungufu kuliko wenzao wenye kusikia, na vyeo vya juu viliwapita. Clerc mwenyewe hakupata kuwa mkuu wa shule ya Hartford. Gallaudet alipojiuzulu mwaka 1830, aliitwa Lewis Weld kutoka Philadelphia. Baada ya Weld akaja mwingine mwenye kusikia, naye mwanafunzi wa mikono ya Clerc. Waliomtangulia cheo aliwafunza yeye, na aliposimama mmoja wao kuongoza, yeye alirudi darasani na chaki yake. Sijaona mahali alipolalamika. Huenda hakutaka cheo. Huenda alijua hatapewa.

Waliomsahau hawakuwa viziwi. Mwezi Septemba 1850 wanafunzi wake wa zamani walikusanyika Hartford kutoka majimbo mbalimbali, kiasi cha watu 200, wakawatunuku Gallaudet na Clerc magudulia ya fedha. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, walimu wa viziwi wa majimbo walikuwa wamefanya mkutano wao wa kwanza New York, wapate kulinganisha kazi zao. Gallaudet alifariki mwaka uliofuata.

Clerc alistaafu 1858 baada ya miaka 41 pale Hartford. Umri wake ulipokuwa miaka 78, mwezi Juni 1864, alisafiri hadi Washington, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, kuhudhuria uzinduzi wa chuo cha viziwi, cha kwanza duniani kutoa shahada. Mkuu wake alikuwa Edward Gallaudet, mtoto mdogo kabisa wa rafiki yake. Clerc akahutubia kwa mikono. Alifariki Hartford tarehe 18 Julai 1869, akazikwa huko, na Bi Eliza akamfuata mwaka 1880.

Mwaka huo wa 1880 ulikuwa mwaka wa msiba wa namna nyingine. Walimu wa viziwi wa Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia, karibu wote wakiwa watu wenye kusikia, wakapiga kura kwamba kiziwi afunzwe kusema kwa kinywa na ishara ziachwe. Wajumbe wa Marekani walipinga, wakashindwa. Ile ngumi ya kidevu aliyopigwa Clerc kijana ikawa sasa ni siasa ya elimu. Na kwa kuwa kiziwi hawezi kumfunza mwenzake kutamka, mwalimu kiziwi akakosa kazi. Katika Marekani, kufikia siku za Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wanne katika kumi walikuwa wamebaki chini ya wawili. Watoto wakafungwa mikono madarasani, wakasemezana kwa siri mabwenini, na lugha ikaishi huko. Ilipofika Julai 2010 ndipo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliofanyika Vancouver, Canada, ulipotoa tamko la kujutia kura ya Milan, miaka 130 imekwisha kupita.

Chuo cha Washington, ambacho tangu 1894 huitwa kwa jina la Gallaudet, kilikaa miaka 124 bila ya mkuu kiziwi. Alipatikana Machi 1988, baada ya wanafunzi kufunga malango na kuandamana.

Kutoka chuo hicho ndiko silsila ilikotufikia Afrika. Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi, alihitimu huko mwaka 1954, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya chuo hicho, miaka 90 baada ya kufunguliwa. Mwaka 1957 alikwenda Ghana akafungua shule, akaendelea nchi hadi nchi mpaka shule zikapita 30, na Ibadan, Nigeria, akawa akikusanya vijana viziwi wa nchi mbalimbali kuwafunza ualimu. Alifariki Desemba 1987 ndege ndogo aliyoipanda ilipoanguka Rwanda. Alikuwa njiani kuja Kenya.

Hapa kwetu Taasisi ya Elimu Maalum iliundwa mwaka 1986, ikawa ndiyo itoayo vyeti kwa walimu wa watoto wenye ulemavu. Katiba ya 2010 ikaitaja lugha ya ishara ya Kenya, ikaifanya pia kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ishara hizo ni zetu, zimezaliwa katika shule zetu na mitaa yetu, wala kiziwi wa Hartford hangezifahamu zote. Lakini alfabeti ya vidole waitumiayo viziwi wa Kenya ni ya mkono mmoja, na nyingi katika herufi zake ni zile zile alizozivusha Clerc baharini mwaka 1816.